Kompyuta ikizimika yenyewe, pima joto kabla ya kumlaumu mtoto

Wiki ya pili ya Januari, mama anayeshona sare za shule hana muda hata wa kumaliza kikombe cha chai. Katika nyumba moja ya Tabata, jijini Dar es Salaam, mama wa aina hiyo alikuwa na oda za watoto zaidi ya arobaini. Vipimo vyao vyote, mabega, kiuno, urefu wa sketi, vilikuwa ndani ya kompyuta ya mezani iliyoko sebuleni. Jumanne jioni, akiwa katikati ya kusoma orodha, kioo kikawa cheusi. Umeme ulikuwepo. Feni ya dari ilikuwa inazunguka. Kompyuta peke yake ndiyo iliyozimika.

Kompyuta hiyo haikununuliwa dukani ikiwa kamili. Aliiunda mtoto wao wa kiume, kijana wa miaka 16 anayeingia kidato cha nne. Kwa karibu mwaka mzima alikusanya vifaa kimoja kimoja. Kasha alipewa na binamu yake, bodi na prosesa vilinunuliwa Kariakoo vikiwa vimeshatumika, na diski ililipiwa na mjomba kama zawadi ya matokeo mazuri ya kidato cha pili. Siku ilipowaka kwa mara ya kwanza, mwezi Oktoba, baba aliwaita majirani waje waone kazi ya mwanawe.

Jioni hiyo baba huyohuyo alisimama mlangoni mwa sebule na kusema, "Nilijua tu. Vitu vya kuungaunga havina maisha."

Kijana hakujibu. Aliinama chini ya meza kana kwamba anatafuta waya.

Baba alimpigia simu fundi anayefahamiana naye. Fundi aliuliza maswali mawili tu, kisha akasema prosesa imeungua na itabidi inunuliwe nyingine. Bei aliyoitaja ilikaribia faida yote ya sare za msimu huo. Mama akanyamaza, akavuta daftari la zamani na kuanza kuandika vipimo anavyovikumbuka kichwani.

Robo saa baadaye, mdogo wa kijana, binti wa darasa la tano, alibonyeza kitufe cha kuwasha kwa utundu wake. Kompyuta ikawaka.

Iliyoungua haiwaki tena

Kitendo cha binti huyo kilikuwa na maana kubwa kuliko maneno ya fundi kwenye simu. Prosesa iliyoungua haipumziki ikapona. Kompyuta inayozimika ikiwa katikati ya kazi nzito, kisha ikawaka vizuri baada ya kupumzika, inatoa dalili ya kitu kingine, na cha kwanza kushukiwa ni joto.

Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote za kompyuta, na kila hesabu inatumia umeme. Umeme huo, karibu wote, unageuka kuwa joto. Prosesa aliyonunua kijana ni AMD Ryzen 5 5600G, iliyotengenezwa kwa kiwango cha wati 65. Mzazi anayekumbuka taa za zamani za wati 60, zile zenye uzi ndani, anajua zilivyokuwa zinaunguza mkono. Sasa joto kama hilo linatoka kwenye kipande cha silikoni chenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba.

Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana prosesa za kisasa zina vipima joto ndani yake. Kwa 5600G, kikomo kilichowekwa ni nyuzi joto 95 za sentigredi. Ikikaribia hapo, inapunguza kasi yenyewe ili ipoe. Mtumiaji anaona kompyuta imekuwa nzito, video zinakatakata, faili linachelewa kufunguka. Ikishindwa kupoa hata baada ya kupunguza kasi na joto likazidi kupanda, mashine inajizima kabisa ili isiharibike.

Katika nyumba ya Tabata dalili ya kwanza ilikuwa imeshaonekana wiki mbili nyuma. Mama alilalamika kwamba kompyuta imekuwa mvivu, na kila mtu akachukulia kuwa ni uzee wa vifaa vya mtumba. Jumanne ile, wakati mama anasoma vipimo, kijana alikuwa ameacha programu ya video ikiendelea kuunganisha picha za mahafali ya shule ya Jumapili. Kazi hiyo huibana prosesa kuliko kazi nyingi za nyumbani. Kompyuta ikajizima ili isiungue.

Pesti kidogo yenye kazi kubwa

Prosesa haiwezi kujipoza yenyewe. Juu yake hufungwa kipozeo, yaani kipande cha alumini au shaba chenye mbavu nyembamba, na juu ya mbavu hizo kuna feni. Joto linatoka kwenye prosesa, linapanda kwenye chuma, linasambaa kwenye mbavu, na feni inalipuliza litoke.

Shida iko mahali vitu hivyo viwili vinapokutana. Kwa macho, uso wa prosesa na uso wa kipozeo vinaonekana laini kama kioo. Kwa kweli vina mabonde madogo sana yasiyoonekana, na vikibanwa pamoja, ndani ya mabonde hayo hubaki hewa. Hewa ni kizuizi kibaya cha joto: shaba hupitisha joto zaidi ya mara 15,000 kuliko hewa iliyotulia. Hata uwazi mwembamba kuliko unywele unatosha kulizuia joto lisipite.

Hapo ndipo pesti ya joto inapofanya kazi. Ni ute mzito, mara nyingi wa kijivu au mweupe, unaouzwa kwenye bomba dogo kama la sindano lisilo na ncha. Unapakwa kati ya prosesa na kipozeo ili ujaze mabonde na kuitoa hewa. Pesti nzuri hupitisha joto zaidi ya mara 100 kuliko hewa. Hata hivyo chuma kinaizidi kwa mbali, kwa hiyo haitakiwi kuwa nene. Ikiwa chache, hewa inabaki. Ikirundikwa kama siagi kwenye mkate, inachafua bodi bila kuongeza faida yoyote.

Kipozeo kipya kinachokuja ndani ya boksi la prosesa mara nyingi huwa kimeshapakwa pesti kiwandani. Cha kijana huyu kilikuwa kimetumika, na muuzaji alikuwa amekifuta kikang'aa. Maana yake pesti ilitakiwa inunuliwe.

Alichokificha kijana

Usiku wa Jumanne kijana hakulala mapema. Mama alikuwa bado kwenye cherehani aliposogea na kukaa kwenye kigoda.

"Mama, naomba nikuambie kitu. Usimwambie baba kwanza."

"Sema, baba."

"Sikuweka pesti. Hela iliniishia. Niliweka dawa ya meno."

Mama alisimamisha cherehani. Kwanza alidhani hakusikia vizuri. Kijana akaeleza kwamba aliona kwenye video vijana wakipaka dawa ya meno, na kompyuta zao zikafanya kazi. Yake pia ilifanya kazi, Oktoba, Novemba, hadi sikukuu. Hakutaka kuomba hela nyingine kwa sababu baba alikwishasema kwamba hataki kusikia tena habari za vifaa.

Walichoonyesha vijana wa kwenye video si uongo, ila hawakuonyesha mwisho wake. Dawa ya meno ina maji, gliserini na unga laini wa kusugulia. Ikiwa mbichi inajaza mabonde na kuitoa hewa, na joto linapita vizuri kiasi cha kumshangaza mtu. Lakini inakaa mahali penye joto kila siku. Maji yanakauka, unga unabaki kama chokaa, chokaa inapasuka, na hewa inarudi palepale. Video inayopigwa siku ya kwanza haiwezi kuonyesha siku ya tisini.

Mama angeweza kupiga kelele. Faida ya msimu ilikuwa inaelekea kwa fundi, na mtoto alikuwa anajua sababu tangu saa kumi na mbili jioni akanyamaza. Alichofanya ni kuuliza swali moja: "Bomba la hiyo pesti ni shilingi ngapi?" Alipotajiwa bei, akatikisa kichwa. Ilikuwa pungufu ya nauli na chakula alivyotumia yeye siku hiyo kwenda kununua vitambaa.

Kisha akasema, "Kesho asubuhi utamwambia baba yako mwenyewe, mimi nikiwepo. Na kabla ya yote, nitolee vipimo vya watoto wa watu kwenye hiyo mashine."

Usiku huohuo orodha ya oda ilinakiliwa kwenye flashi na nyingine ikatumwa kwenye simu ya mama. Kazi nzito ya video ilisimamishwa, na kompyuta haikuzimika tena usiku ule.

Soma joto kabla ya kushika bisibisi

Asubuhi baba aliambiwa. Alikasirika, ikawa kimya cha kutosha kunywa chai nzima. Kisha akauliza swali ambalo mzazi yeyote ana haki ya kuuliza: "Umejuaje kwamba ni hiyo dawa ya meno? Kama fundi yuko sahihi je?"

Jibu la swali hilo linapatikana kwa kupima, na halina gharama. Programu kama HWiNFO na HWMonitor zinapatikana bure kwa matumizi ya nyumbani, na zinaonyesha joto la prosesa kwa namba. Zichukuliwe kwenye tovuti za watengenezaji wake, kwa kuwa nakala zilizozagaa mitandaoni huweza kuja na virusi. Kwenye HWiNFO, namba ya kuangalia kwa prosesa za Ryzen ni ile iliyoandikwa CPU (Tctl/Tdie).

Kijana alipima mbele ya baba yake. Chumba kilikuwa na nyuzi 31. Kompyuta ikiwa imetulia, bila kazi, prosesa ilisoma nyuzi 62. Alipoanzisha kazi ya video, namba ilipanda hadi 95 kabla baba hajahesabu hadi ishirini, na kasi ikaanza kushuka. Kijana akaisimamisha haraka.

Mwendo huo wa kupanda unaeleza mengi. Joto likiruka hadi kikomo ndani ya sekunde chache tu, mara nyingi tatizo liko pale kipozeo kinapogusana na prosesa: pesti imekauka, skrubu zimelegea, au karatasi ya plastiki ya kipozeo kipya haikubanduliwa. Joto likipanda polepole kwa dakika kadhaa, tatizo huwa ni hewa: vumbi limeziba mbavu, feni haizunguki vizuri, au kasha limesukumwa ukutani. Na kama kompyuta inazimika huku joto likiwa chini, nyuzi 60 au 70 hivi, basi pesti haihusiki. Hapo ndipo fundi aangalie pawa saplai, memori au nyaya.

Kwa kompyuta ya mezani ya kawaida, nyuzi 35 hadi 50 ikiwa imetulia ni hali njema. Ikiwa kwenye kazi nzito, 70 hadi 85 haipaswi kumtisha mtu. Ikigota kwenye kikomo cha mtengenezaji kila mara inapopewa kazi, ichunguzwe. Kikomo hicho kinatofautiana kati ya prosesa na prosesa, na kinapatikana kwenye tovuti ya aliyeitengeneza.

Kuna jambo moja ambalo wazazi wa pwani wanapaswa kulijua. Namba nyingi zinazotajwa kwenye video zinapimwa katika vyumba vya nchi za baridi, nyuzi 20 au 22. Kipozeo hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa kinayoivuta. Chumba kikiwa na nyuzi 31, prosesa nayo hupanda kwa nyuzi tisa au kumi hivi. Kijana wa Dar es Salaam anayeona 80 pale ambapo wa ng'ambo anaona 70 hajakosea kufunga. Ni Januari tu.

Jumamosi ya bisibisi

Baba alikubali bomba la pesti linunuliwe, kwa sharti kwamba kazi ifanyike mchana, mezani, yeye akiwepo. Sharti hilo lilikuwa zuri kuliko alivyodhani, kwa sababu kazi yenyewe si ngumu ila ina sehemu mbili tatu ambazo mkono wa pili unasaidia.

Walianza kwa kuiwasha kompyuta dakika kumi hivi ipate uvuguvugu. Pesti iliyozeeka hulegea ikipata joto kidogo. Kisha ikazimwa, waya wa umeme ukachomolewa ukutani, na kitufe cha kuwasha kikabonyezwa mara moja ili kumaliza umeme uliobaki kwenye bodi. Kijana alishika chuma cha kasha kwanza, kuondoa umeme wa mwilini unaoweza kudhuru vifaa. Baba alipiga picha ya ndani kwa simu, ili waya wa feni urudi mahali pake, kwenye pini zilizoandikwa CPU_FAN.

Kipozeo cha kijana hufungwa kwa skrubu nne zenye springi, ambazo hushika bamba la chuma lililo nyuma ya bodi. Skrubu zikitoka zote, bamba hilo linaweza kuanguka nyuma. Baba ndiye aliyeliona, akafungua mfuniko wa upande wa pili na kulibandika kwa vipande viwili vya selotepu. Skrubu zililegezwa kwa kukatisha, kona na kona ya mkabala wake, kidogo kidogo.

Hatua iliyofuata ndiyo inayowaliza wengi. Kwenye bodi za aina ya AM4, kama hii, prosesa ina pini 1,331 chini yake, nyembamba kama sindano, na imeshikwa kwa kubanwa tu. Mtu akikivuta kipozeo kwa nguvu kwenda juu, prosesa hung'oka nacho na pini hupinda. Kijana alikizungusha kipozeo taratibu, kushoto, kulia, kushoto tena, mpaka kikaachia. Ndipo akakiinua. Bodi za Intel za miaka hii, na za AMD za aina ya AM5, huibana prosesa kwa fremu ya chuma, kwa hiyo hatari hiyo haipo. Kwa hizo pini ziko kwenye bodi, na hazitakiwi kuguswa kabisa.

Chini ya kipozeo walikuta walichokitarajia: gamba jeupe, kavu, lenye nyufa kama matope ya kiangazi. Baba alilikwangua kwa ukucha, akanusa. "Hata harufu imeisha," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne akacheka.

Usafi ulichukua muda kuliko kitu kingine. Kinachofaa ni spiriti safi ya isopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi, kama kile cha kufutia miwani. Kitakasa mikono hakifai, kwani kwa kawaida kina gliserini inayoacha utando. Maji hayafai. Kisu na msasa visiguse kabisa. Uso wa prosesa ulifutwa ikiwa palepale kwenye bodi, mpaka kitambaa kikatoka cheupe, halafu ukaachwa ukauke.

Kisha pesti ikawekwa: tone moja katikati, ukubwa wa punje ya choroko. Kijana alitaka kuongeza. Baba akamuuliza maelekezo yanasemaje, akaacha. Tone halihitaji kusambazwa kwa kidole, kwa sababu kipozeo kikishushwa wima na kubanwa sawasawa kinalisambaza chenyewe. Skrubu zilirudishwa kwa kukatisha vilevile, nusu mzunguko kila moja, hadi zikakaza bila kulazimishwa. Kipozeo kikishakaa hakiinuliwi tena kuchungulia. Kikiinuliwa, hewa imeingia, na kazi inaanza upya kuanzia kufuta.

Waya wa feni ukachomekwa. Mbavu zilipulizwa vumbi, feni ikiwa imeshikwa kwa kidole isizunguke ovyo. Kasha likasogezwa mbali na ukuta kiasi cha kupitisha mkono.

Chumba kilikuwa na nyuzi 31 zilezile. Ikiwa imetulia, prosesa ilisoma 43. Kazi ya video iliendeshwa dakika kumi nzima, baba akiwa amekaa na saa ya simu mkononi. Namba ilipanda polepole, ikafika 79, ikabaki hapo. Hakuna kilichoungua na hakuna prosesa iliyonunuliwa.

Mambo ya mzazi kushika

Mzazi hahitaji kujua kuunda kompyuta ili amsaidie mtoto anayeiunda. Anachohitaji ni kuuliza maswali machache wakati wa bajeti, kabla hela haijaisha. Kipozeo kimekuja na pesti au hakikuja? Kama kimetumika, pesti imo kwenye orodha? Bomba la gramu moja au mbili linatosha kwa kazi zaidi ya moja, na ni miongoni mwa vitu vya bei ya chini kabisa katika mashine yote. Mtoto anayefikiria prosesa na michezo hulisahau kirahisi.

Kitu kimoja kinachouzwa kwa kazi hiyohiyo kikataliwe moja kwa moja: pesti ya metali ya maji, iliyotengenezwa kwa galiamu. Inasifiwa sana mitandaoni na kweli hupitisha joto vizuri. Lakini inapitisha umeme, hivyo tone likidondoka kwenye bodi laweza kuiua, na ikigusa alumini inaila. Vipozeo vingi vya bei nafuu ni vya alumini. Hiyo waachiwe wazoefu.

Pawa saplai, lile boksi linaloingiza umeme kutoka ukutani, isifunguliwe na mtoto wala mzazi. Ndani yake hubaki umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa. Mabomba ya pesti yawekwe mbali na watoto wadogo, na mikono ioshwe baada ya kazi.

Pesti iliyopakwa vizuri hukaa miaka, haibadilishwi kila mwezi. Njia nzuri ni kuandika namba. Nyumba ya Tabata sasa ina kipande cha karatasi kilichobandikwa ndani ya mlango wa kasha: tarehe, joto la chumba, 43, 79. Siku kazi ileile, katika joto lilelile la chumba, itakaposoma nyuzi kumi zaidi, watajua kwanza kupuliza vumbi, na vumbi lisipokuwa sababu, kurudia pesti.

Fundi naye asidharauliwe. Yapo mengi ambayo ni yeye tu anayeyaweza. Lakini anayetoa hukumu kwa simu bila kuona mashine anabahatisha, na mteja aliyekwisha kupima joto anaenda kwake akiwa na maelezo yanayomsaidia kila mmoja.

Lililobaki halikuwa la bisibisi. Baada ya chakula cha jioni siku hiyo, baba alimuuliza kijana kwa nini hakuomba hela ya pesti mwezi Oktoba. Kijana akamkumbusha maneno yake, kwamba hakutaka kusikia tena habari za vifaa. Baba hakuyakana. Alikumbuka aliyasema siku aliyorudi kutoka kazini amechoka, wala hakuwa na maana kwamba kitu kidogo kama hicho kisiombwe. Mtoto aliyachukua kama yalivyotamkwa, akaenda bafuni kuchukua dawa ya meno.

Walikubaliana mambo mawili. Kijana akiona namba imepanda, au akijua amekosea mahali, aseme siku hiyohiyo. Baba naye asikilize hadi mwisho kabla ya kutoa neno. Mama, aliyekuwa anapiga pasi sketi za bluu za Jumatatu, akaongeza la tatu: kila Ijumaa orodha yake ya vipimo inakiliwe kwenye flashi, hata kama kompyuta ni baridi kama maji ya mtungi.